Eti maudhi madogo madogo

Jumamosi iliyopita, magharibi imeshaingia, niliitwa mbio nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kijana wa miaka ishirini na kitu amekalishwa mkekani, shingo imepinda kulia na hairudi, macho yamepandia juu, ulimi hautaki kukaa mdomoni. Ubani unafuka. Mzee mmoja anasoma, watoto wamejaa mlangoni. Kila mtu kishajua kilichotokea: jini limekasirika kwa sababu kijana amepelekwa hospitali badala ya kupungwa.

Nikauliza, "Mama, anakunywa dawa gani?" Akaniletea ile bahasha ndogo ya karatasi tunayoijua sote. Haloperidoli 5mg, 1x2. Basi. Hakuna neno jingine. Ilikuwa siku ya tatu tangu aanze dawa hii ya ugonjwa wa akili.

Tukachukua bajaji. Hospitali wakamchoma sindano, haikupita nusu saa shingo ikarudi mahali pake na kijana akaomba chai. Jini gani hilo linalotolewa kwa sindano moja?

Mimi si daktari. Shingo ile naijua kwa sababu mdogo wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, na yalishamkuta. Ni misuli inayokazwa na dawa, hutokea siku za mwanzo, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Aliyeandika dawa anajua. Aliyeitoa dirishani anajua. Asiyejua ni mama, na ndiye anayelala chumba kimoja na mgonjwa.

Ukiuliza, utaambiwa ni "maudhi madogo madogo". Ninalichukia neno hili. Dogo kwa nani? Mdogo wangu alipoanza dawa, shingo ilipopoa ilifuata miguu. Haikutulia. Mlangoni, jikoni, mlangoni, jikoni, hadi saa sita za usiku, na ukimkalisha anatikisa magoti mpaka benchi linalia. Sisi nyumbani tukasema ugonjwa umezidi, na nusura tuombe aongezewe dozi. Kumbe ni dawa ileile iliyomkosesha kutulia, na kuongeza kungekuwa kummwagia petroli. Yeye mwenyewe hakujua aseme nini. Akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akaacha. Anaweka kidonge chini ya ulimi, anakunywa maji, anatoka nje anatema. Nilikuja kuokota vidonge kumi na moja kwenye migomba nyuma ya dirisha lake. Baada ya muda sauti zikarudi, na usiku mmoja tukamkuta barabarani anazigombeza nguzo za umeme.

Tukamwita mkaidi. Ninaona aibu hadi leo.

Maana dawa ya kutuliza miguu ipo. Kupunguza dozi kupo. Kubadilishiwa dawa kupo. Ila mtu hawezi kuomba msaada wa tatizo ambalo hajaambiwa kwamba ni tatizo la dawa. Anadhani ndivyo atakavyoishi, kwa hiyo anachagua wazimu anaoujua.

Najua nitajibiwa kuhusu foleni. Daktari mmoja, wagonjwa ukumbi mzima, na ukianza kuwasomea watu kila balaa wengine watakimbia hata kidonge cha kwanza. Nakubali. Nakubali shingo upande, mnisamehe kwa usemi huo wiki hii. Lakini sentensi mbili hazijazi foleni. "Shingo ikikaza au miguu isipotulia, ni dawa, mrudishe hapa. Usimwachishe wewe mwenyewe." Nimezisoma kwa saa ya simu: sekunde kumi.

Tena msinielewe vibaya, sitaki kusikia mtu ananinukuu kwamba dawa hizi ni sumu. Klopromazini, mojawapo ya dawa hizi, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na kabla ya hapo nyingi za "tiba" zilikuwa kufungiwa na maji ya baridi. Kuna familia bado ziko huko, mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Mdogo wangu leo ni fundi pikipiki kwa sababu ya dawa. Binamu yetu mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, aliyekaa siku nne bila kulala na kuuza friji la mama yake, alilazwa usingizi na olanzapini, dawa nyingine ya jamii hii. Amenenepa, ndiyo, na hadi nilipopiga kelele hakuna aliyempima sukari. Na wanawake wanaotokwa maziwa bila mtoto kwa sababu ya risperidoni, nayo ya jamii hiyohiyo, wakaficha kwa aibu? Hao nao waambiwe.

Hapa sasa sina utani. Kwetu kila homa ni malaria. Mtu aliye kwenye dawa hizi akipata homa kali, mwili ukakaza kama gogo, anatoka jasho jingi na anachanganyikiwa, usikae kumpa panadoli ukingoja asubuhi. Hutokea mara chache, lakini huua. Mkimbize hospitali usiku huohuo, beba bahasha, na litaje jina la dawa hata wasipokuuliza.

Tuliporudi na yule kijana, ilikuwa karibu saa tano. Nikaomba biro, nikageuza ile bahasha nyuma, nikaandika yale ambayo ilipaswa iwe nayo tangu dirishani: shingo, miguu, homa, usiache ghafla. Mama akasoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaigeuza tena mbele, akaweka kidole penye 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku.

"Na hii, mwanangu, si ndiyo viwili kwa mkupuo mmoja? Maana ndivyo nilivyokuwa nampa."