Kifuniko Kiliandikwa "SAFI"

Mimi nafuga samaki wa maji chumvi, na kwa hilo nyumba nzima imenisamehe mara nyingi. Tangi langu la kioo linabeba lita 200. Ndani mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja, na konokono kadhaa ambao kazi yao ni kula mwani. Mwani ukawashinda. Nikibadilisha maji leo, siku ya tatu kioo ni kijani tena. Lawama zote nikazitupia maji ya bomba: yana naitreti, yana fosfeti, mwani unanenepa.

Basi nikaamua kukeneka maji mwenyewe: kuyachemsha, kuupoza mvuke uwe maji tena, na uchafu ubaki nyuma. Wazo la kwanza lilikuwa sufuria na bomba la shaba la kusokotwa. Bahati nzuri nilikumbuka mapema kwamba shaba, hata chembe tu, huua kamba na konokono. Nikanunua mashine ndogo ya chuma kisichoshika kutu: unajaza lita 4, zinachemka, mvuke unapoa, matone yanaangukia jagi. Ti… ti… ti… Saa tano kwa lita nne.

Nilihitaji lita 20. Piga hesabu mwenyewe.

Mashine ikakesha, nami nikakesha nayo. Kila lita hula karibu uniti 0.7 za umeme, kwa hiyo ndoo moja ni uniti 14, na mke wangu akaanza kuisoma mita kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto asiyesoma. Madirisha ya jikoni yakatoka jasho. Usiku wa pili jirani akaona mvuke, akaona jagi, akaniona mimi nanusa jagi. Akasogea dirishani, sauti ya chini:

"Bwana, ikishaiva utaniuzia kidogo?"

"Ni maji tu, jirani."

Akanikonyeza. "Najua. Hata mimi huwa nakunywa maji tu."

Hatimaye ndoo ikajaa. Nikatia ile chumvi maalumu ya samaki, kama gramu 35 kwa kila lita, pampu ikazungusha usiku kucha, hita ikapasha hadi nyuzi 25, haidromita, kile kipimo cha chumvi majini, ikasoma 1.025, sawa na bahari. Shuleni sikuwahi kupata alama nzuri namna hiyo. Nikafunika, nikaandika kwa wino mzito: SAFI. Niliandika juu ya kifuniko. Kumbuka hilo, maana mimi nililisahau.

Asubuhi nikakwangua kioo. Nikafunua ndoo yangu niyatazame maji kwa mara ya mwisho, kifuniko nikakiweka kando. Nikashika mpira, nikafyonza lita 20 za maji machafu kutoka tangini hadi kwenye ndoo ya pili. Ndoo zenyewe ni mapacha: bluu, mpini mweupe. Mara simu ikalia. Nikaogopa mtoto asije akayamwaga machafu sakafuni, nikayafunika kwa kifuniko kilichokuwa karibu.

Unaona tunakoelekea. Mimi sikuona.

Niliporudi nikabeba ile ndoo isiyo na kifuniko hadi chooni, nikaimwaga yote kwa kishindo cha mtu aliyeaga matatizo. Kisha nikaanza kumimina "SAFI" tangini, kikombe kwa kikombe, polepole nisiwashtue samaki. Dakika ishirini, mgongo unalia.

Kikombe cha mwisho kikaleta kipande cha mwani. Kikapita mbele ya pua ya samaki, kikatua mchangani. Nikakitambua: kirefu, kimejikunja ncha, nilikikwangua kwa mkono wangu asubuhi ile ile. Nikainama kuchungulia ndani ya ndoo. Chini kabisa, ameng'ang'ania plastiki, alikuwapo konokono mdogo niliyemfyonza bila kujua. Nikamrudisha nyumbani. Alikuwa na safari nzuri kuliko yangu.

Kutoka chooni ikaja sauti:

"Baba watoto, mbona huku kunanukia bahari?"

Sikujibu. Usiku ule nikajaza lita 4 za bomba, nikawasha mashine, nikavuta kiti. Ti… ti… ti… Saa nane hivi kivuli kikasimama dirishani.

"Bwana," akanong'ona jirani, "ile ya kwanza mmeimaliza yote?"