Saa ya Darasa la Wapasuaji Isiishie Kwenye Slaidi

Tangu Julai 2003, daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji nchini Marekani haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki, zikihesabiwa kwa wastani wa wiki nne. Uingereza, kwa kufuata kanuni za Ulaya, ilishusha kikomo hicho hadi saa 48 mwaka 2009. Mipaka hiyo naiunga mkono bila kusita, kwa kuwa hakuna mgonjwa anayestahili kupasuliwa na mtu aliyezidiwa na usingizi. Ninachokilalamikia ni kwamba saa za kazi zilipunguzwa, lakini mahali pengi darasa likaachwa kama lilivyokuwa.

Katika mfumo ulioasisiwa na William Halsted kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19, mwanafunzi aliishi hospitalini, na lililompita darasani alikutana nalo wodini usiku. Leo nafasi hiyo ya pili ni finyu. Kama hajawahi kuona ngiri iliyonyongwa, yaani utumbo uliochomoza na kubanwa hadi ukakosa damu, kwa sababu ilikuja wakati yuko mapumzikoni, basi darasa ndilo linalopaswa kumpa nafasi ya kuifikiria kabla hajakabidhiwa zamu.

Kumsomea slaidi sitini hakumpi nafasi hiyo. Yaliyomo kwenye slaidi anaweza kuyasoma mwenyewe kabla ya kipindi. Darasani aletewe mgonjwa: mama wa miaka 70, anatapika tangu juzi, tumbo limejaa, ana uvimbe mdogo unaouma chini ya kinena, na mapigo ya moyo ni 120 kwa dakika. Kila mmoja aandike kwenye karatasi atakachofanya sasa hivi, kabla ya yeyote kufungua mdomo, kisha aanze kujieleza aliye mdogo kimasomo, maana bingwa akishatamka, wengine hukubaliana naye tu. Mmoja atataka CT-Scan kwanza. Mwingine atasema atundikiwe dripu, aanzishiwe dawa za kuua bakteria na apelekwe chumba cha upasuaji mara moja. Hapo ndipo mwalimu anapouliza: picha hiyo itabadilisha uamuzi gani, na utumbo uliokosa damu utasubiri hadi lini? Robo saa ya mabishano kama hayo naithamini kuliko mhadhara mzima.

Ushahidi upo. Mwaka 2006, wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokirudia kukisoma. Mwaka huohuo, huko Toronto, madaktari 38 waliokuwa katika miaka ya mwanzo ya mafunzo ya upasuaji walifundishwa kuunganisha mishipa midogo ya damu kwa vipindi vinne. Baadhi walivimaliza vyote kwa siku moja, wengine wakapata kimoja kila wiki. Walipopimwa mwezi mmoja baadaye, waliogawiwa kwa wiki walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo ile desturi ya kurundika mafunzo katika siku moja ndefu, kwa kuwa ndiyo inayoingia vizuri kwenye ratiba, ni ya kuachwa. Mgonjwa wetu mwenye ngiri arudi baada ya wiki kadhaa, safari hii akiwa kijana mwenye uvimbe unaorudi ndani ukibonyezwa, tuone nani anatofautisha.

Hata hivyo, kipindi kizuri hakitasaidia ikiwa simu ya zamu inaita kila baada ya dakika tano. Saa ya darasa ilindwe kwelikweli: simu ishikwe na daktari mwingine aliyepangwa kwa jina kwenye ratiba, na saa hiyo ihesabiwe ndani ya saa za kazi. Nasema haya nikiwafikiria pia wanafunzi wa COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, wanaojifunza katika hospitali zilizotawanyika nchi nyingi, ambako muda wa darasa humezwa na foleni ya wagonjwa hata pasipo sheria ya saa.

Mwalimu naye apewe muda. Kuandaa mgonjwa mmoja wa kujadiliwa, pamoja na picha zake, majibu ya maabara na maswali yanayogawanya darasa, kunachukua muda mrefu kuliko kufungua mhadhara wa mwaka jana. Bingwa anayefanya kazi hiyo usiku nyumbani kwake, bila kuhesabiwa popote, ataifanya kwa muda tu, kisha atarudi kwenye slaidi. Wakuu wa idara waiandike kazi hiyo kwenye ratiba yake, kama wanavyoandika siku zake za kupasua.