Kombe la Mandela lililetwa na hesabu ya mabeki

Waulize mashabiki wa Gor Mahia, yaani K'Ogalo, pale Kondele mjini Kisumu kuhusu 1987, na jina la kwanza utakalotajiwa ni mshambuliaji Peter Dawo. Haki yake, alifunga sana. Lakini nahodha aliyelinyanyua Kombe la Mandela, yaani Kombe la Washindi Afrika, alikuwa beki, Austin Oduor, aliyejulikana kwa jina la utani Makamu. Hata jamaa zake wamemfunika: mdogo wake Mike Okoth alikuwa mshambuliaji, na bao la Divock, mwana wa Mike, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2019 akiwa Liverpool, kila mtoto wa Kisumu analijua.

Tazama matokeo yenyewe. Katika fainali, Gor Mahia ilitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 Nairobi. Jumla 3-3, Gor ikabeba kombe kwa mabao ya ugenini: jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi. Sare ya 2-2 nyumbani ingefuta faida yote ya Tunis. Bao moja zaidi la wageni, bila jibu, na kombe lingepanda ndege. Gor hiyohiyo mwaka 1979 ilifungwa jumla ya 8-0 na Canon Yaoundé katika fainali ya kombe hilo.

Ndiyo maana naudhika nikiona beki chipukizi akifundishwa neno moja tu: "Toa!", yaani aupige mpira mbali basi. Tafuta kamba ya manila ya mita 24. Mabeki wanne waishike kwa mkono, mita nane kati ya mtu na mwenzake. Wasiifunge kiunoni, mmoja akianguka atawaburuta wote. Kocha atembeze mpira kulia, kushoto, mbele, nyuma, nao wasogee bila kamba kulegea wala kukaza. Dakika kumi zatosha, kisha iondoe.

Hapo ndipo kosa hujitokeza. Beki wa pembeni aliye mbali na mpira husinzia hatua mbili nyuma ya wenzake, na mtego wote wa kuotea, yaani mabeki kusogea mstari mmoja ili mshambuliaji abaki ameotea, unakufa kwa sababu yake. Kosa la pili ni mabeki wawili wa kati kuruka mpira mmoja. Mmoja aruke, mwenzake ashuke hatua tano nyuma yake, asimame kimshazari amwone mshambuliaji na mpira kwa pamoja.

Malizia kwa mechi ya dakika 15. Ubao uanze 1-1, na wapinzani wakipata bao la kwanza, mchezo umekwisha.