Projekta ya 3D: Nimehesabu Mwanga Kabla ya Kufungua Pochi

Kwa miezi minne swali moja limenisumbua: ninunue projekta ya 3D, yaani ya picha zenye kina zinazotazamwa kwa miwani maalumu, ya kuangalia filamu nyumbani, au nichukue ya kawaida niachane na habari za miwani? Karibu kila niliyemuuliza alinijibu papo hapo kwamba 3D ilishakufa. Najua wanakoitoa hoja hiyo. Samsung waliacha kutengeneza televisheni za 3D mwaka 2016, LG na Sony wakafuata mwaka 2017, na diski za filamu za Ultra HD Blu-ray zilizoingia sokoni mwaka 2016 hazikutengewa nafasi yoyote ya 3D. Ukiishia hapo, mjadala umefungwa.

Mimi siishii hapo, kwa sababu naamini kilichokufa ni 3D ya kioo kidogo. Nimewahi kuiangalia kwenye televisheni ya inchi 40, na nilichoona ni watu wadogo ndani ya sanduku, kama samaki kwenye tangi. Mhusika akinyoosha mkono kuja upande wako, ukingo wa televisheni unaukata, na ubongo unagoma: kitu kilicho mbele ya dirisha kinakatwaje na dirisha lenyewe? Baadaye rafiki yangu aliniwekea filamu ileile kwa projekta, picha ya inchi 100, tukakaa karibu. Kingo zilikuwa mbali kiasi kwamba jicho lilizisahau. Miti ilisimama mmoja nyuma ya mwingine hadi kwenye ukungu, na mimi nilijikuta nimeacha kutafuna. Tangu siku ile sijaweza kukubaliana na wanaosema ni mbwembwe tupu.

Hata hivyo, kuipenda hakutoshi, maana hesabu yake ni ngumu, na sehemu ngumu kuliko zote ni mwanga.

Miwani ya projekta nyingi za nyumbani ina vioo vinavyofunga na kufungua kwa zamu. Jicho la kushoto linaziba, la kulia linaona, kisha zamu inageuka, mara nyingi mno kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila jicho linapata mwanga chini ya nusu ya muda. Kioo chenyewe nacho, hata kikiwa wazi, kinameza zaidi ya nusu ya mwanga unaopita. Ukizidisha hasara hizo mbili, jicho linabakiwa na kama sehemu moja ya tano, au pungufu ya hapo. Projekta iliyoandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) 2,000 kwenye boksi inakupa kama 400 nyuma ya miwani, na hizo 2,000 zenyewe kwa kawaida hupatikana kwenye mpangilio wenye rangi mbaya ambao hutaki kuutumia.

Sasa weka ukubwa wa picha. Inchi 100 kwa umbo la kawaida la skrini, 16 kwa 9, ni upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Ukipanda hadi inchi 120 unadhani umeongeza kidogo tu, kumbe eneo limekua kwa asilimia 44, na mwanga uleule sasa unatandazwa kwenye ukuta mpana zaidi. Kwa filamu ya kawaida hutalia. Kwa 3D utaona usiku kila mahali, hata kwenye tukio la mchana. Halafu kuna kuchoka kwa taa: saa 3,000 au 5,000 ambazo watengenezaji wengi hutaja ni muda wa taa kufikia nusu ya mwanga wake wa mwanzo, si muda wa kuzimika. Zenye leza hutajwa saa 20,000. Ndiyo maana mtu anaweza kufurahia 3D mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu akajiuliza filamu zimeingiwa na nini. Filamu ni zilezile.

Jambo la pili ni kivuli, yaani picha ya jicho moja kuvujia kwenye jicho lingine, ukaona nguzo ya taa ina pacha wake aliyefifia pembeni. Hapa projekta za DLP, zinazounda picha kwa vioo vidogo sana vya kuakisi mwanga, zinashinda waziwazi. Vioo hivyo vinageuka kwa kasi kubwa mno, na nyingi huonyesha picha 144 kwa sekunde, 72 kwa kila jicho, bila mabaki. Zile za LCD, zinazopitisha mwanga kwenye vidirisha vya kioo kimiminika, zinahitaji muda kidogo kubadili picha, na kwenye muda huo ndipo kivuli kinapozaliwa. Kwa hoja hiyo peke yake ningeshanunua DLP zamani.

Tatizo ni kwamba siishi peke yangu. DLP za bei ya kawaida zina kichipu kimoja na gurudumu la rangi linalozunguka, na wapo watu ambao macho yao hunasa rangi hizo zikiachana, kama upinde wa mvua unaopita upesi kila wanapohamisha jicho. Mimi sioni kitu. Mwenzangu aliuona ndani ya dakika mbili, na baada ya nusu saa kichwa kilikuwa kinamuuma. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayefikiria kununua: wapeleke watakaoangalia nawe wakajaribu kwa macho yao wenyewe, tena filamu nzima ikiwezekana, si dakika tano. Na mjue kwamba wapo watu ambao macho yao mawili hayashirikiani vizuri, mara nyingi tangu utotoni. Hao utawavisha miwani bure.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Macho ya mtu mzima yametengana kwa kama milimita 63. Mtengenezaji wa filamu ya sinema hujitahidi picha mbili za kitu cha mbali zisiachane kwenye skrini zaidi ya hapo, maana macho yatalazimika kutazama pande tofauti. Filamu iliyopimwa kwa skrini ya upana wa mita 10, ukiileta kwenye mita 2.2, zile milimita 63 zinabaki 14. Kina unachokipata nyumbani si kile cha sinema. Kukaa karibu kunasaidia, na baadhi ya projekta hukuruhusu kuitajia ukubwa wa skrini yako irekebishe.

Na utaangalia nini? Huduma za filamu za intaneti karibu zote zimeipa 3D kisogo, kwa hiyo unategemea diski za Blu-ray 3D na kifaa cha kuzichezea. Nilikaa nikaandika orodha ya filamu ambazo kweli ningezirudia. Zilifika 31. Nyingi ni katuni, na naona ndizo bora, kwa sababu kompyuta huchora picha ya kila jicho upya. Baadhi ya zile zilizopigwa kwa kamera moja kisha zikageuzwa huwa na watu bapa kama waliokatwa kwenye kadibodi.

Filamu 31, hata nikiangalia moja kila wiki, zinaacha usiku sita wa filamu za kawaida. Takwimu hiyo ndiyo iliyoamua. Nanunua projekta kwa ajili ya usiku ule sita, yenye weusi mzuri na rangi za kweli, na kati ya zitakazonipendeza nachukua yenye 3D. Itakuwa ya LCD, isiyo na gurudumu la rangi. Nitaona kivuli hapa na pale, nami nimekikubali, kwa sababu sitaki chombo ambacho mwenzangu atakikimbia.

Juzi tulibandika utepe wa karatasi ukutani, mita 2.21 kwa 1.25. Nilitaka tujaribu na inchi 120. Yeye alisukuma kochi mbele hadi mita mbili na nusu kutoka ukutani, akakaa, akauangalia utepe kimya kwa muda, akasema hapa panatosha. Sikuubandua.