Kliniki ya Presha, Muulizeni Anayelala Naye

Kwa miaka minne mume wangu alikuwa akienda kliniki ya presha, na miaka yote hiyo mimi niliachwa kwenye benchi. "Mama, subiri hapa nje." Anaingia, anapimwa, anaandikiwa dawa, anatoka. Dawa moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu, na presha bado ilisoma 160 kwa 100. Kila mara aliulizwa kama anameza dawa na kama amepunguza chumvi. Anameza, mimi ndiye humhesabia. Hakuna siku hata moja alipoulizwa analala vipi. Na hata angeulizwa, angejibu nini? Aliyelala hajioni.

Mimi nilikuwa namwona. Nyumba yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, ina chumba kimoja cha kulala, watoto wanalala sebuleni, na kukoroma kwake kulijulikana hadi kwa jirani wa juu. Kukoroma sikukuogopa. Nilichoogopa ni kimya. Saa nane usiku mngurumo unakatika ghafla. Kifua kinapanda, tumbo linajikaza, unaona kabisa anahangaika kuvuta hewa, lakini nikiweka kiganja puani pake sisikii hata joto. Nikaanza kuhesabu kwa simu: sekunde 20, sekunde 25, usiku mmoja 38. Kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka majini, anageuka, analala tena. Dakika mbili haziishi, kimya kingine. Asubuhi shingo ya fulana imelowa jasho, kichwa kinamgonga, na huyo ndiye anayeshika usukani wa matatu kabla ya kupambazuka kuingia Jogoo Road.

Mama mkwe alikuwa akiniambia, "Mwache, amechoka, amelala usingizi wa pono." Simlaumu, hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu. Lakini ule haukuwa usingizi. Misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unapiga kengele, mwili unamwaga adrenalini, mishipa inabana, moyo unakimbia na presha inaruka. Ziba pua na mdomo sasa hivi, kisha jaribu kuvuta pumzi kwa nguvu: utahisi kifua kikivutwa kwa ndani. Mvuto huo unaufikia hata moyo. Kwa kawaida presha ya mtu hushuka usiku, asilimia 10 hadi 20, na moyo ukapata nafuu. Wa mume wangu ulikuwa zamu ya mchana na zamu ya usiku.

Aliyetuokoa ni daktari kijana katika kituo kingine, aliyechungulia mlangoni akaniita: "Mama, ingia. Huyu mzee analala vipi?" Nikamwonyesha video niliyorekodi. Hakuimaliza. Kipimo cha usingizi kilionyesha kwamba pumzi ilikuwa ikikatika au kupungua mno mara 41 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, na kuanzia 30 wanahesabu kuwa hali mbaya. Ugonjwa huo unaitwa apnia ya usingizi.

Tiba ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge. Madaktari huiita CPAP, na aliyeibuni ni daktari wa Sydney, Colin Sullivan, aliyeitangaza mwaka 1981. Sisi tuliipata kwa mkopo wa chama. Nasema haya kwa sababu najua wengi watakwama hapo hapo, kwenye bei, na hilo linaniuma.

Sasa, kuna watu wanaosema mashine hii haisaidii moyo, na wana cha kushika. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuona mashine ikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Lakini watu hao waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Mimi nikimeza nusu ya dawa, siwezi kusema dawa imeshindwa. Wakati huo huo sitamdanganya mtu: kwa wastani mashine hushusha presha kidogo tu, kama pointi 2 au 3, na anayefaidika zaidi ni yule ambaye presha yake imekataa dawa na anaivaa usiku kucha. Haichukui nafasi ya vidonge. Uzito lazima upungue, na pombe ya usiku iachwe, maana hulegeza koo zaidi.

Wiki za mwanzo alikuwa akiivua usingizini bila kujua. Naamka naikuta chini ya kitanda ikipuliza sakafu. Namwamsha, namvisha, nakaza ukanda. Mwezi wa tatu akaanza kulala nayo hadi alfajiri, na siku hizi anatoka na alama za ukanda mashavuni bila kujali makondakta wanasema nini. Kichwa hakimgongi. Hasinzii tena kwenye foleni. Presha yake inasoma 138 kwa 86, kwa dawa zile zile tatu.

Kwa hiyo nawaomba wanaoendesha kliniki za presha: kadi ya mgonjwa ina nafasi ya uzito, ya kipimo na ya tarehe ya kurudi. Wekeni na mstari wa usingizi, na aujaze anayelala naye. Kama ni mke, kama ni mume, kama ni ndugu wa chumba kimoja kule Kayole, mwiteni aingie. Swali lenyewe halihitaji mashine wala maabara.

Stima ikipotea usiku, mashine inanyamaza na mimi ndiye huamka. Namgeuza alale ubavu, naweka mto mgongoni asirudi chali, kisha nakaa nikihesabu mpaka irudi. Kliniki yake ni Jumanne ijayo. Nitaingia naye.