Usiulize kama “justice” inashikika

Karibu kila aliyesoma Kiingereza darasani aliwahi kukariri kanuni hii: ukiweza kukiona kitu, kukigusa, kukinusa, kukionja au kukisikia, jina lake ni nomino ya kitu halisi, usipoweza, ni nomino dhahania. Mimi niliikariri neno kwa neno na nikapata alama zangu. “Table” huku, “love” kule. Leo naamini kanuni hiyo inatuanzisha vizuri kisha inatuacha njiani, pale hasa tunapohitaji msaada.

Inatuacha kwa sababu inatufundisha kulipima neno likiwa peke yake, ilhali nomino nyingi za Kiingereza hupata maana yake ndani ya sentensi. Chukua “justice”. Haki haishikiki, hilo halina ubishi. Lakini majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambao wamekuwa 9 tangu mwaka 1869, kila mmoja wao huitwa “justice”. Ukisoma “a justice walked in”, aliyeingia ni mtu mwenye mwili na miguu. Vivyo hivyo, “youth” ni ujana, na “a youth” ni kijana. “Beauty” ni uzuri, na “a beauty” ni mrembo. Kilichogeuza maana ni kale ka-“a” kadogo, ambako mwanafunzi anayepanga maneno kwenye safu mbili hana sababu ya kukatazama.

Hapa wasemaji wa Kiswahili tuna mtaji tunaouacha ukilala. Tumezoea kuona dhana ikizaliwa kutokana na neno jingine: rafiki hutupa urafiki, mtoto hutupa utoto, huru hutupa uhuru. Kiingereza hufanya kazi hiyohiyo, ila mkiani mwa neno: “friendship”, “childhood”, “freedom”. Sisi tunatanguliza, wao wanamalizia. Mwanafunzi akionyeshwa ulinganifu huo atajitengenezea mwenyewe orodha ambayo sasa anaikariri kwa jasho. Tena anajua tayari kwamba alama pekee haitoshi, maana ukuta na uzi vinaanza kwa u- na vinashikika. Kiingereza nacho kina mitego yake: “neighbourhood” ina mkia uleule wa “childhood”, lakini ni mtaa wenye nyumba na njia.

Linaloniuma zaidi ni jambo jingine. Wanafunzi wengi huondoka darasani wakiamini kwamba dhahania maana yake ni kisichohesabika, na halisi ni kinachohesabika. Sivyo. “Idea”, “problem” na “reason” ni dhahania, na zote zinahesabika bila shida. “Furniture”, “luggage” na “equipment” unaweza kujigonga navyo gizani, lakini havipokei “s” ya wingi. Sasa mtu anayefikiri kwa Kiswahili ana samani hizi, mizigo hii na vifaa hivi, vyote vikiwa katika wingi. Akiandika “furnitures”, “luggages” na “equipments”, si mzembe. Amefuata kwa uaminifu sarufi aliyonyonya. Habari hizi zinamzalia “these informations”, na kazi nyingi zinamzalia “many works”. Kumkata alama bila kumwonyesha kosa lilikotoka ni kumwonea. Aambiwe waziwazi kwamba pale lugha yake inapoona vitu vingi, Kiingereza kinaona lundo moja, na akitaka kuchomoa kimoja atasema “a piece of equipment”.

Ndiyo maana sioni faida ya kutumia kipindi kizima kubishana kama hewa au kivuli ni kitu halisi. Ni halisi, tuendelee. Muda huo ningeutumia kufungua kamusi za wanafunzi na kuzitazama herufi mbili zinazokaa kando ya nomino: C kwa kinachohesabika, U kwa kisichohesabika. Maneno mengine yana zote mbili. “She has experience” ni kusema ana uzoefu. “She had three bad experiences” ni kusema mambo matatu mabaya yalimpata. Neno ni dhahania katika sentensi zote mbili, kwa hiyo milango mitano ya fahamu haina la kutuambia hapo. Herufi zile mbili zinalo.

Zoezi ningeliandika hivi. Mwanafunzi apewe neno moja, “work”, katika sentensi mbili: “she has a lot of work today” na “three of her works hang on that wall”. Aulizwe: hapa neno linataja nini, na hapa linahesabika? Ya kwanza ni shughuli, haihesabiki. Ya pili ni picha alizochora, zimetundikwa kwa misumari, na ile “works” iliyokuwa kosa muda mfupi uliopita sasa imekaa mahali pake kabisa.