Sera iliyoandikwa kwa hofu ya benki

Kwenye vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, vilivyo jirani na leseni za madini ya kinywe (grafiti, inayotumika kwenye betri), sera ya haki za binadamu ya kampuni ya mgodi haina wateja wengi. Inasomwa mkutanoni, watu wanasikiliza kwa adabu, kisha linakuja swali: karatasi hii inalipa mikorosho mingapi? Wengi huliona swali la kejeli. Mimi naona ndilo lenyewe.

Wanaobeza husema kampuni huandika sera ili kumridhisha mwenye hela. Kweli kabisa. Mgodi hujengwa kwa mkopo, na benki nyingi za kimataifa hudai viwango vya mazingira na jamii vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, vya mwaka 2012. Mnunuzi naye anabanwa: kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kampuni kubwa zinazouza betri huko zichunguze madini manne yalikotoka, kinywe kikiwamo, ingawa sharti hilo limesogezwa hadi Agosti 2027. Na wanasheria wa kampuni za madini wanalikumbuka shauri la wanakijiji wa jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini, lililofunguliwa London 2013 likaisha kwa maelewano 2015. Huruma haimo. Lakini huruma haidaiki, na sharti la mkopo linadaika: likivunjwa, benki inaweza kuzuia awamu inayofuata ya fedha.

Turudi kwenye mkorosho. Kanuni zetu za fidia za 2001 zinamlipa anayepisha mgodi thamani ya mali, usumbufu, kodi ya nyumba ya miezi 36, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na faida iliyopotea. Si haba. Ila mche unaopandwa leo huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu, na mavuno ya kueleweka huchukua miaka zaidi. Fedha ya mti imeshaliwa, mti mpya bado mtoto. Kiwango namba 5 cha IFC kinakwenda mbele ya hapo: mali ilipwe gharama kamili ya kuirudishia, bila kukata uchakavu, na kipato cha kaya kirudi angalau kilipokuwa. Kwa mkulima hiyo maana yake ni miche bora, shamba mbadala, na msaada wa kuvuka misimu isiyo na mavuno.

Panapoharibika zaidi ni kati ya kuhesabu na kulipa. Mthamini akishapita, unachopanda baada ya tarehe ya ukomo hakihesabiwi. Watu huacha palizi, huacha kupuliza salfa, ubwiri unga unakula maua, moto wa kichaka unamaliza. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka malipo ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, na uthamini wenyewe hufa baada ya miaka 2. Kaya inaweza kupoteza misimu miwili ya korosho kwa kusubiri tu. Sera nzuri huandika kwamba msimu uliopotea kwa kuchelewa nao unalipwa; tafuta sentensi hiyo kabla ya nyingine zote.

Upande wa pili una hoja. Sera mara nyingi huishia kwa kampuni mama, huku kibarua ameajiriwa na wakala wa mkandarasi. Kuipeleka peke yake mahakamani kwetu ni kazi ngumu. Na deni likilipwa lote, hofu huisha. Hili la mwisho sina jibu lake.

Hata hivyo mkopo huchukua miaka, na mkaguzi wa benki huja akaomba daftari la malalamiko. Hapo ndipo vijiji vinajiangusha. Sanduku limewekwa getini penye mlinzi, fomu ni ya Kiingereza, lalamiko la mdomo limeishia kwa afisa mahusiano ambaye kesho kahamishwa. Daftari likiwa tupu, ripoti inasema jamii imeridhika. Kwa hiyo lalamiko lipelekwe kwa maandishi, nakala mbili, lipate namba, tarehe na saini ya aliyepokea, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Siku mkaguzi akija, mwenyekiti amuulize mbele ya watu: lalamiko namba fulani limefungwa lini, na mlalamikaji alisaini wapi?